Unanisoma? Maneno kwa vijana wa redio za mkononi, Tanga

Shikamooni wakubwa zangu mlioketi mbele. Vijana, hamjambo? Wale mliosimama mlangoni sogeeni ndani, mikeka bado ina nafasi.

Nimeombwa nizungumze juu ya redio za mkononi: namna ya kuzitumia, na namna ya kuzitibu zinapogoma. Begi hili mnaloliona mezani lina redio kumi na moja. Zote nimeletewa kwa nyakati tofauti na watu walioniambia neno moja: "Imekufa." Nilizipima zote. Zilizokufa kweli ni mbili. Tisa zilizobaki zilikuwa nzima, na kila moja ilikuwa ikimwambia mwenyewe kinachoisumbua, kwa taa yake, kwa mlio wake, kwa namna ilivyokuwa ikikatika. Hakuna aliyeisikiliza. Mtu redio ikigoma hubonyeza, ikizidi kugoma hubonyeza kwa nguvu zaidi. Nimekuja kuwaomba mgeuze mwendo huo: masikio yatangulie, kidole kifuate.

Tuelewane kwanza kwa majina. Wazee wa reli na wa hifadhi za wanyama huiita simu ya upepo. Walinzi na askari husema redio koli. Kenya utasikia woki-toki. Ni kitu kilekile: kifaa kinachosema na kusikia, ila si kwa wakati mmoja. Ukibonyeza kitufe cha ubavuni umeziba sikio lako mwenyewe. Mtu aliyekua na simu ya mkononi hulisahau hili kila mara. Kwenye simu, wawili mkisema pamoja bado mnasikilizana. Kwenye redio koli, wawili mkibonyeza pamoja kila mmoja ni kiziwi, na wa tatu aliye pembeni atamsikia yule tu ambaye mawimbi yake yanamfikia kwa nguvu zaidi, au atasikia mkoromo usio na maana. Kwa hiyo ukiona umeita mara tatu na hujajibiwa, huenda mwenzako naye alikuwa anakuita wewe, sekunde zilezile. Nyamaza. Hesabu hadi kumi. Sikiliza.

Kwa nini tujisumbue, na simu tunazo? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikayumba katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Wengi wenu mnakumbuka, ujumbe ulikuwa unazunguka tu hauondoki. Redio hizi hazikuyumba hata kidogo. Kati ya yangu na yako hakuna mnara, hakuna waya, hakuna salio. Kuna hewa tu. Mimi jambo hili linanigusa hadi leo kama lilivyonigusa mara ya kwanza: sauti ya mtu inatoka Pangani na kuingia kiganjani mwangu, na katikati yetu hakuna kitu.

Lakini hewa hiyo ina wenyewe. Nitasema hili kwa uzito. Kijana mmoja alinunua redio yake kwa machinga, akaifungua, akazungusha namba mpaka akasikia watu, akaanza kuwaitikia. Wale watu walikuwa kazini, kazi ya vyombo vizito, mmoja anamwongoza mwenzake asiyeona nyuma. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu. Ila nilipomweleza alichokifanya, alikaa chini kimya muda mrefu.

Redio ndogo kama Baofeng UV-5R, ambayo najua wengi wenu mnayo, hufunguka kwenye masafa, yaani namba za mawimbi, kuanzia megahezi 136 hadi 174, na 400 hadi 520. Ni nyumba ya vyumba vingi. Sisi wapenzi wa redio tumepangishwa viwili tu: 144 hadi 146, na 430 hadi 440, ndivyo ilivyo kwa kanda ya kwanza ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kanda ambayo Afrika yote imo. Vingine ni vya polisi, vya mabaharia, vya makampuni, vya gari za wagonjwa. Megahezi 156.8 ni chaneli 16 ya baharini. Hapo ndipo nahodha anayezama huitia msaada. Mlango kuwa wazi hakukufanyi mwenye chumba. Na hata vile viwili vyetu vina masharti: leseni kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi yetu, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na chombo kilichoidhinishwa. Leseni hii ni ya redio ya ridhaa. Neno ridhaa mnalijua kutoka ulingoni: bondia wa ridhaa hapigani kwa malipo. Nasi vivyo hivyo, hatuuzi kitu hewani, hatupigii debe biashara wala chama. Tunajifunza na tunasalimiana.

Ukipata leseni unapata pia jina lako la hewani, alama ya wito. Zetu huanza na 5H. Kenya ni 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, Kongo ya Kinshasa 9Q. Kabla ya uhuru Tanganyika ilikuwa VQ3, Zanzibar VQ1, na ukimpata mzee mwenye kadi za enzi hizo, zile za kuthibitisha mazungumzo ya hewani, mheshimu, kashika historia mkononi. Marehemu Sultani Qaboos wa Oman naye alikuwa mwenzetu. Alama yake ilikuwa A41AA. Hewani sultani na fundi baiskeli wote hutaja alama, husikiliza, hupokezana zamu.

Sasa tufungue begi.

Redio hii ya kwanza ni ya mvuvi wa Sahare. Alikuja akaniambia: "Mwalimu, nawasikia vizuri, hata muziki wa FM unaimba, lakini wao hawanisikii." Nikamwambia abonyeze mbele yangu. Akabonyeza: kioo kikazimika, kikawaka upya, ikapiga ule mlio wa kuamka. Hapo redio ilikuwa imekwishasema kila kitu. Kupokea ni kazi nyepesi, betri iliyochoka inaiweza. Kutuma kwa wati 5 ni kazi ya kubeba gunia, kwa betri ya volti 7.4 kunadai kama ampea moja na nusu papo hapo. Betri ya mzee yule ilikuwa kama mtu anayeweza kukaa barazani akapiga soga siku nzima, lakini ukimtwika mzigo magoti yanakunja. Na ukiipima kwa mita ikiwa imelala mezani, itakuonyesha volti nane, utaiona nzima. Ipime wakati kitufe kimebonyezwa, antena ikiwa mahali pake. Ikiporomoka, ni betri. Alinunua betri nyingine, basi. Redio ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Nimesema antena ikiwa mahali pake. Msibonyeze kamwe redio isiyo na antena. Nguvu isiyopata pa kutokea hurudi ndani na kuunguza transista ya mwisho, ile inayotuma. Mojawapo ya zile mbili zilizokufa kweli ilikufa hivyo: mtoto alifungua antena kuichezea, baba akabonyeza bila kuangalia.

Hizi mbili ni za ndugu wawili. Walinunua siku moja, duka moja, wakaweka masafa yaleyale, na mmoja akawa anamsikia mwenzake ila mwenzake hamsikii. Walikaribia kugombana, kila mmoja akidai ya mwenziwe ndiyo mbovu. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu tatizo hili ndilo linalonijia mara nyingi kuliko yote.

Redio hizi zina kitu kinaitwa toni. Ni mlio mzito wa chini sana, kati ya hezi 67 na 254, unaosafiri pamoja na sauti yako. Masikio ya msikilizaji hayausikii kwa sababu redio huuchuja kabla haujafika kwenye spika. Fikirieni hodi. Redio iliyowekewa toni ya kupokea ni kama nyumba ambayo mwenyewe amesema: sifungui mlango mpaka nisikie hodi ya namna hii tu. Ukija na hodi nyingine, au ukija bila hodi, utasimama nje hata ukipiga kelele. Yule ndugu mmoja alikuwa amewekewa toni ya kupokea na muuzaji. Mwenzake hakuwa na toni ya kutuma. Redio zote mbili zilikuwa zinafanya kazi kama zilivyoamriwa.

Utalijuaje hili ukiwa peke yako porini, huna kompyuta wala kebo? Kuna kitufe cha kufungua sikio, kwenye nyingi kipo chini ya kile cha kuongelea, kimeandikwa MONI. Kikamate. Redio itaanza kuvuma kama bati linalonyeshewa mvua. Huo ni uvumi wa hewa tupu, usiuogope. Mwambie mwenzako aongee. Kama sasa unamsikia, na ukiachia kitufe humsikii, basi mawimbi yake yanakufikia na antena yako ni nzima; kilichomfungia nje ni toni, au ni skwelchi, lile lango la kuzuia uvumi, umelipandisha mno. Kama hata ukikamata kitufe husikii ila uvumi, basi hakufiki kabisa, na tatizo ni umbali, au antena, au mmoja wenu yuko kwenye masafa mengine. Kitufe kimoja, na umekwishagawa matatizo yote mafungu mawili. Kama mtatoka hapa na jambo moja tu, ningependa liwe hilo.

Na muuzaji akikwambia toni ni ya faragha, si kweli. Toni inakukinga wewe usiwasikie wengine. Haiwazuii wengine kukusikia wewe. Yeyote asiyeweka toni ya kupokea anasikia kila neno. Msiseme hewani jambo ambalo msingelisema sokoni Ngamiani.

Ndugu wale wawili walikuwa na kosa jingine ambalo wengi hulifanya siku ya kwanza. Walizijaribu mezani, zimelala bega kwa bega. Mmoja akabonyeza, nyingine ikapiga yowe la kutisha. Yowe lile ni spika ya moja kuingia kwenye maiki ya nyingine na kuzunguka bila kikomo. Halafu redio iliyo karibu kiasi hicho huzidiwa na nguvu ya mwenzake, inaweza kupotosha sauti au kunyamaza. Mkijaribu, mmoja atoke nje, avuke uwanja.

Sauti ya mwenzako ikija ndogo kama anasema ndani ya mtungi, wakati mawimbi yanaonekana yana nguvu, tazama upana wa chaneli: mmoja yuko kwenye kilohezi 12.5, mwingine 25. Yule wa chaneli nyembamba akisema kwenye sikio pana, sauti yake huja ndogo; yule wa chaneli pana akisema kwa nguvu kwenye sikio jembamba, maneno yake hukatwa kingo. Mkilinganisha upana, inapona.

Nije sasa kwenye jambo ambalo watu hulitolea fedha nyingi bila sababu: nguvu. Kila wiki kijana ananiuliza, "Mwalimu, kuna redio ya wati 10, ninunue?" Namuuliza anasimama wapi anapoongea. Mawimbi ya masafa haya hutembea karibu kama mwanga wa tochi. Dunia ni mviringo, na mbele yako inajikunja ikashuka. Kuna hesabu ndogo: chukua urefu wa antena yako kutoka chini kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, umepata kilomita za upeo wako. Mtu aliyesimama ufukweni na redio usoni yuko kama mita moja na nusu juu. Upeo wake ni kilomita 5. Mwenzake ana 5 zake. Basi wawili juu ya bahari tulivu wanafika kama 10, na wati 10 hazitaiviringua upya dunia.

Lakini panda Amani, kwenye Usambara ya Mashariki, mita 900 hivi. Kipeuo chake ni 30. Mara 4.12, kilomita karibu 124. Mji huu wa Tanga uko kama 50 tu kwa mstari ulionyooka. Nilisimama huko kwenye ukingo unaotazama mashariki, ukungu ndiyo kwanza unaondoka kwenye mashamba ya chai, redio nimeiweka wati 1, na mwenzangu aliyekuwa juu ya paa la nyumba ya ghorofa Tanga mjini akaniambia nasikika kama nimekaa naye. Nikahama hatua ishirini, nyuma ya tuta lililonikinga na pwani, nikaweka wati 5. Hakunisoma, yaani hakunisikia kabisa. Kilele cha Kibo, mita 5,895, upeo wake kwa hesabu hiyohiyo ni zaidi ya kilomita 300. Kutoka wati 1 kwenda 5 kunaongeza kwenye kipimo cha mwenzako kama nukta moja na kidogo. Ngazi ya kupandia paa inaongeza kuliko hapo, na ngazi hailambi betri.

Hata bila ngazi, sogea. Mjini mawimbi hugonga kuta na mabati yakarudi, yakakutana na yale yaliyonyooka, na mahali pengine yanauana. Ukikuta sauti inakatika, usipige kelele. Songa hatua moja. Kwenye megahezi 145 wimbi zima ni mita mbili, hivyo nusu mita mbele au nyuma inatosha kukutoa shimoni. Kwenye 435 wimbi ni sentimita 69, unaweza kuokoka kwa kusogeza mkono tu. Shikeni redio wima, antena ikitazama juu. Nimeona watu wanaongea huku wameilaza kama wanakunywa soda. Mawimbi yaliyolala na yaliyosimama hayaelewani. Na ile ya kiunoni, mwili wako, ambao sehemu kubwa ni maji, umeshakula sehemu ya mawimbi kabla hayajatoka.

Kuna tiba moja ya bei ya waya ambayo naipenda. Antena fupi ya raba ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni mwili wa redio na mkono wako. Ndiyo maana ukiiweka mezani inazorota, ukiishika inapona. Chukua waya laini, kata kama sentimita 49, ufunge chini ya antena uguse ule ukingo wa chuma, si pini ya kati, uuache uning'inie. Huo ni mkia, robo ya wimbi la mita mbili. Kwenye mkono wangu huu mkia ule umewahi kugeuza mkoromo ukawa maneno.

Kinyume chake pia kipo, na kinawashangaza watu. Fundi mmoja alinunua antena kubwa ya paani, akaunganisha na redio yake ndogo, akawa kiziwi kabisa. Alifikiri ameuziwa antena ya uongo. Nilimwambia arudishe ile fupi: akasikia. Nyumba yake iko karibu na mnara wa matangazo ya FM, na redio ndogo za bei nafuu mlango wao wa mbele ni dhaifu, zikimwagiwa mawimbi mengi kwa pamoja zinazama. Ukiona redio inasikia vizuri zaidi kwa antena ndogo kuliko kubwa, inakulalamikia kwamba inazidiwa. Na ukisikia uvumi unaokuja jioni na kuondoka usiku wa manane, tembea nao nyumbani: zima taa moja moja, chomoa chaja, zima kibadilishi cha umeme wa jua. Taa za bei ndogo za LED ni wahalifu wakubwa.

Redio hii nyeusi ilikuwa inajiongelea yenyewe. Msicheke, mwenyewe alikuwa amekwishaanza kuogopa. Taa nyekundu inawaka, hakuna aliyegusa kitufe, na chaneli nzima imefungwa kwa sababu yake. Wenzake wanamwita hawezi kuwasikia. Alikuwa mtu wa mashua. Maji ya chumvi yaliingia kwenye tundu la spika ya masikioni, na kwenye redio za namna hii tundu lile ndilo pia la kitufe cha nje; chumvi ikaunganisha njia, redio ikadhani imebonyezwa. Niliisafisha kwa spiriti na pamba nyembamba, nikaikausha kivulini siku mbili. Nyingine kama hiyo kosa lilikuwa VOX, ile amri ya kutuma kwa sauti bila kubonyeza: mvua ilianza kupiga bati, redio ikafikiri anaongea. Zimeni VOX. Na wekeni kikomo cha muda wa kutuma, sekunde 60 zinatosha, ili redio ikikwama ijikate yenyewe badala ya kuwafungia watu hewa saa nzima.

Sisi watu wa pwani chumvi ndiyo adui yetu. Kila mwezi fungueni betri mtazame vile vishikizo vya shaba. Mkiona kijani, futeni kwa kifutio cha penseli, kisha spiriti. Redio ikianguka baharini, toeni betri papo hapo, isuuzeni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ndiyo, maji tena, kisha ikauke kwa upepo wa feni siku kadhaa. Kuizika kwenye mchele hakuondoi chumvi, na chumvi ndiyo inayokula ndani. Spika ikinyamaza baada ya kutumia visikilizio, chomeka na kuchomoa mara kumi. Kibanzi cha ndani kimebaki kinadhani visikilizio bado vipo.

Muwe na daftari. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati, muandike. Mtu anayebadili antena, betri na chaneli kwa pamoja, redio ikipona hajui ni nini kilichoiponya, na kesho atarudi palepale.

Kuna mtu kaniandikia swali hapa: inawezekanaje kaka yake wa Muheza hamsikii, lakini amesoma kwamba redio hii inafika angani? Inafika. Kituo cha anga za juu cha kimataifa kiko kama kilomita 400 juu yetu, kinazunguka dunia kila dakika 90 hivi, na kinapita juu ya Tanga. Kina ripita ya ridhaa, yaani redio inayopokea sauti yako na kuirusha tena papo hapo: mwenye leseni huituma kwenye 145.990 akiwa na toni ya 67, na inarudi kwenye 437.800. Kaka yako wa Muheza yuko nyuma ya vilima na minazi. Kituo kile hakina hata jani moja kati yenu. Una dakika kumi tu kabla hakijazama. Na kwa kuwa kinakimbia kilometa 7 na zaidi kwa sekunde, masafa yake yanapanda kinapokuja na kushuka kinapokwenda, kama honi ya basi linalokupita: anza kusikiliza 437.810, maliza 437.790. Nilipokisikia mara ya kwanza nilikuwa nimesimama uani, jirani anatwanga, na kutoka kwenye redio ikaja sauti ya mtu anayetaja alama ya nchi ya mbali. Nilikaa kwenye ngazi nikatokwa na machozi, sioni aibu kusema.

La mwisho ni mdomo. Redio huchelewa kidogo kuamka. Bonyeza, vuta pumzi moja, ndipo useme. Ndiyo maana mnasikia watu wanaitwa "hamani" na "limu", Ramadhani na Salimu wamekatwa vichwa. Maiki iwe vidole vitatu kutoka mdomoni, usemee pembeni yake, usiipulizie, na usipaze sauti, kwa sababu ukipaza inapasuka. Taja kwanza unayemwita, kisha wewe. Halafu lile swali letu la zamani: "Unanisoma?" Atakayekujibu "nakusoma tano-tisa" amekupa alama mbili, maneno yanaeleweka kwa tano juu ya tano, nguvu tisa juu ya tisa. Mpeni mtu alama ya kweli. Kumwambia tano-tisa mtu ambaye umeomba arudie jina lake mara tatu ni kumnyima dawa. Ataendelea kuongea na betri mbovu akidhani yuko salama.

Basi tusikae zaidi ndani, jua limepoa. Wenzangu wawili wenye leseni wametangulia Raskazone, mmoja yuko chini kabisa kwenye maji, mwingine ghorofani. Mimi nitabaki hapa uwanjani kwenye 145.500, na sisi watatu tu ndio tutakaobonyeza. Ninyi mtachukua daftari, mtakwenda wawili wawili na redio za kusikilizia: wengine nyuma ya ukuta, wengine chini ya mwembe, wengine juu ya ngazi ile. Andikeni mnachosikia, na mahali mliposimama. Redio mbili kati ya hizo nimeziharibu kwa makusudi, moja toni, moja upana. Watakaoziona wasiniambie bado. Wakamate kitufe kwanza, wasikilize.